Daktari Kou Yuezhen, Aliyeomba Jina Lake Litolewe

Ndugu, majirani na wote mliopanda mlima huu kumsindikiza Daktari Kou Yuezhen, haya ndiyo maisha yake kama alivyoyasema mumewe, fundi Song Dehai, na binti yao Xiuping akayaandika. Hospitali ilileta wasifu mwingine, uliopigwa chapa kwenye karatasi nzuri. Huo hausomwi leo. Sababu yake mtaisikia humu humu.

Marehemu alizaliwa tarehe 21 Aprili 1951 katika kijiji cha Koujiawan, ng'ambo ya bonde hili, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa Mzee Kou Shiheng. Mzee Kou alikuwa daktari wa dawa za jadi, na watu walimjia kutoka vijiji vya mbali. Alimfundisha bintiye kushika mkono wa mgonjwa na kusikiliza mapigo kabla mama yake hajamfundisha kushona kifungo. Alimfundisha pia kusoma ulimi: rangi yake, unene wake, na ule utando ulio juu yake.

Alipokuwa na miaka sita, plamu nyeusi za mwaka mpya zilipotea kabatini. Mama yake akaanza kuwapiga watoto. Yuezhen akamwendea mjomba wake, mtu mzima mwenye ndevu, aliyekuwa amekaa na wageni.

"Mjomba, toa ulimi."

"Kwani mimi mgonjwa?"

"Toa tu."

Mjomba akacheka, akautoa. Ulikuwa mweusi kama sufuria. Wageni walicheka mpaka chai ikamwagika. Hadithi hiyo ilisemwa kwao kila mwaka mpya mpaka mjomba akaacha kuja.

Marehemu aliingia shule ya msingi mwaka 1958, na mwaka 1964 akaenda sekondari mjini wilayani. Mwaka 1966, ilipoanza kampeni ya kufuta mambo ya kale, shule ilifungwa, akarudi nyumbani. Mwaka huo huo droo za dawa za baba yake zilimwagwa uani, mizizi ikakanyagwa kwenye tope, na Mzee Kou akasimamishwa mbele ya watu aombe radhi kwa ushirikina wake. Waliofanya hivyo wengi wamekwisha kufa. Wengine walikuja baadaye kwa bintiye kutibiwa, naye akawatibu. Hatutawataja.

Mwaka 1969 alipewa mkoba wa dawa na kufanywa daktari wa kijiji. Alitembea milima hii kwa miaka mitano. Mwaka 1974 alichaguliwa kwenda kusoma udaktari mjini Lanzhou. Huko walifundishwa mambo yote mawili, asubuhi mapigo ya mkono na mchana hadubini. Alimaliza mwaka 1977, akapangiwa kazi hospitali ya wilaya, jengo la dawa za jadi.

Mumewe alimkuta huko. Fundi Song hakusoma. Kazi yake ilikuwa kujenga vitanda vya udongo, vile vya kupashwa moto kwa chini, na katika majira ya mpukutiko wa mwaka huo aliitwa kurekebisha kitanda cha chumba cha madaktari, maana moshi ulikuwa unarudi ndani. Alikuwa ameingiza kichwa kwenye tundu la moto. Alipokitoa, daktari kijana alikuwa amesimama mbele yake.

"Toa ulimi."

"Nimekuja kutengeneza kitanda, sikuja kutibiwa."

"Nimekuona unavyokohoa. Toa."

Akautoa. Daktari akauangalia, akamshika mkono wenye masizi, akasikiliza mapigo.

"Wewe hulali vizuri, na siki huipendi."

"Siki naipenda sana."

"Basi hulali vizuri."

Hakulala vizuri kweli usiku ule.

Walifunga ndoa tarehe 2 Oktoba 1978. Maneno yalikuwa mengi. Shangazi yake alimwambia mbele ya bwana harusi, "Umesoma mpaka Lanzhou ili uje kumpikia mtu mwenye masizi puani?" Marehemu akajibu, "Masizi yanaoshwa, shangazi. Kula nyama hiyo, inapoa." Waliishi pamoja miaka arobaini na minne. Hakuwa mpishi mzuri. Mumewe hakulalamika, ila mkewe aliposafiri watu walimwona kwenye kibanda cha tambi akila bakuli la pili.

Tarehe 22 Mei 1979 walipata mtoto wa kiume. Wakamwita Xiaoman, jina la majira hayo, ngano inapoanza kujaa kwenye suke. Wasifu wa hospitali haumtaji mtoto huyu. Sisi tunamtaja, kwa sababu kazi yote aliyoifanya mama yake ilianzia kwake.

Agosti 1983 marehemu alikuwa ametumwa vijiji vya juu kuchanja watoto. Mtoto akashikwa na homa na maumivu ya tumbo. Baba yake akambeba mgongoni mpaka hospitali. Hospitali ilikuwa na majengo mawili, la dawa za jadi na la dawa za kisasa, na ua katikati. Akaingia jengo la mkewe, maana ndilo alilolijua. Daktari wa zamu, mzee, alimshika mtoto mkono, akauangalia ulimi, akaona haraka kwamba jambo ni kubwa. Akaandika kikaratasi: joto limekwama kwenye utumbo na linageuka usaha. Akasema, "Vuka ua, mpeleke kwa wapasuaji, sasa hivi."

Baba akavuka ua. Mpasuaji wa zamu alikuwa kijana, Daktari Pei Guangyi. Alikisoma kile kikaratasi, akakigeuza nyuma kuona kama kuna kingine.

"Joto gani hili?"

"Ndivyo walivyoandika, daktari."

"Mzee, mimi sipasui joto. Waambie waniandikie ugonjwa."

Baba akavuka ua kurudi. Yule daktari mzee akaandika yale yale, kwa herufi kubwa zaidi, maana hakuwa na maneno mengine. Baba akavuka tena. Mara hii Daktari Pei alimgusa mtoto tumbo. Kilikuwa kidole tumbo, na kilikuwa kimepasuka. Xiaoman alifariki tarehe 17 Agosti 1983.

Kwa desturi yetu mtoto mdogo hazikwi kwenye makaburi ya ukoo wala hawekewi jiwe. Alizikwa kule bondeni, na mama yake alifika akakuta udongo umeshasawazishwa.

Aliomba aone vile vikaratasi viwili. Alivisoma. Hakumlaumu mzee wa jengo lake, hakumlaumu hata Daktari Pei. Alimwambia mumewe, "Wote wawili walimwona. Mmoja aliona sura ya ugonjwa, mwingine alitaka jina lake. Hakukuwa na mtu wa kuwaambia kwamba ni kitu kimoja." Mumewe alitaka kumpiga Daktari Pei. Yeye akasema, "Ukishampiga, mgonjwa wa kesho atavuka ua na nini?"

Kuanzia hapo ndipo ilipoanza kazi yake. Kila mgonjwa aliyemwona, aliandika sura kama alivyofundishwa na baba yake: huyu ana unyevu wenye joto, huyu wengu limechoka, huyu damu imelala. Kisha akavuka ua kuuliza jengo la pili wamempa jina gani mgonjwa yule yule, na vipimo vyake vimesema nini. Alikuwa anatafuta sura ipi inakwenda na alama zipi za ugonjwa upi, ili anayeandika upande huu asomwe upande ule.

Walimcheka pande zote mbili. Wa kwake walisema, "Daktari Kou kaenda tena kuomba chumvi kwa jirani." Wauguzi wa jengo la pili walipomwona mlangoni waliitana, "Fungeni midomo, Mama Ndimi amefika!" Wengine walimtolea ulimi kwa dhihaka. Yeye akawa anausoma. Muuguzi mmoja aliambiwa hivyo hivyo, katikati ya kicheko, kwamba apimwe damu. Akapimwa. Alikuwa na upungufu mkubwa wa damu. Dhihaka ilipungua.

Aliyemfungulia mafaili alikuwa Daktari Pei. Alikuja mwenyewe, mwaka mmoja baada ya kifo cha mtoto, akasimama mlangoni kwa Daktari Kou.

"Nasikia unahitaji majina."

"Nahitaji."

"Yangu ninayo. Njoo Jumatatu."

Wakafanya kazi pamoja kwa miaka mingi. Fundi Song hakumsalimia Daktari Pei mpaka mwaka 1991, kitanda cha Pei kilipopasuka katikati ya baridi na hakukuwa na fundi mwingine. Alikijenga. Moshi haukurudi. Walisalimiana toka siku hiyo, lakini kuhusu mtoto hawakuzungumza.

Binti yao, Song Xiuping, alizaliwa tarehe 9 Februari 1985.

Katika kazi hiyo marehemu aligundua kwamba hakuna sura moja kwa jina moja. Watu wawili wenye vidonda vya tumbo, mmoja alikuwa na baridi ndani na mwingine joto, na dawa ya huyu ilimwumiza yule. Tena watu wenye maradhi ya majina mawili tofauti walikuja na sura moja. Daktari Pei alikasirika mwanzoni. "Kou, ninyi mnataka kila mgonjwa awe na ugonjwa wake?" Yeye akasema, "Sitaki. Ndivyo wanavyokuja." Baadaye Pei mwenyewe akawa anawagawa wagonjwa wake kwa namna hiyo, na kuwauliza vijana wake, "Ulimi wake ukoje?" Vijana wakawa wanamwona amezeeka.

Shida kubwa ilikuwa ndimi zenyewe. Watu wetu wana adabu. Mtu haendi kumtolea daktari ulimi mchafu kama asivyoenda harusini na viatu vya tope. Wanaamka, wanaukwangua kwa kijiko, wanasukutua kwa chai, ndipo wanakuja. Na ule utando wanaouona uchafu ndio daktari anaoutaka. Marehemu alipigana na vijiko vya wilaya nzima. Alipita vijijini, akasimama kwenye masoko. "Njoo asubuhi, kabla ya kula, kabla ya chai. Usiukwangue. Nataka uchafu wako wote." Wanawake wazee waliona aibu. Mmoja alimwambia, "Mwanangu, hata mume wangu sijamwonyesha." Ilichukua muda wa kulea mtoto mpaka akaolewa, lakini watu walizoea. Wakawa wanakuja na ndimi zao kama zilivyoamka.

Mwaka 2009 kazi hiyo ikasikika mkoani. Akaja Mkurugenzi Fang na fedha za serikali na masanduku yenye taa na kamera ndani. Mgonjwa anaweka kidevu, anatoa ulimi, picha inapigwa. Picha zingekusanywa kutoka vituo vyote vya wilaya, Daktari Kou na wanafunzi wake wangesoma mapigo, jengo la pili lingetoa majina, na kompyuta ingeunganisha. Lingetoka Jedwali kubwa, sura upande huu na maradhi upande ule, la kutumika kote. Marehemu alifurahi. Siku hiyo alirudi nyumbani akapika mwenyewe, na mumewe alikula. Alisema, "Xiaoman sasa anavuka ua mara moja tu."

Kazi ilianza Mei 2010. Wakubwa walitaka kuja kuitazama, na wapiga picha wa televisheni. Ofisi ya Mkurugenzi Fang ikaona si vizuri wageni waonyeshwe wakulima wenye ndimi za namna ile. Ikatoa amri kwa vituo vyote: kila anayeingia apewe mswaki na maji ya chumvi, asugue meno na ulimi, ndipo apigwe picha. Wauguzi walitii. Hawakuona kosa, maana nyumbani kwao ndivyo walivyolelewa.

Daktari Kou alikuwa chumba cha ndani anashika mikono. Ndimi zilikuwa zinapita kwenye sanduku la nje. Majira yote ya joto yaliisha hivyo. Alijua pale bibi mmoja wa kijiji chetu cha Songjiabao, ambaye leo yupo hapa, alipokaa mbele yake akiwa na furaha.

"Daktari, leo umeniona nilivyo msafi? Wamenisugua mpaka nikatapika. Na mswaki wamesema nichukue!"

Akautoa mfukoni kumwonyesha. Ulikuwa wa kijani.

Daktari Kou aliuacha mkono wa yule bibi, akaenda kwenye kompyuta, akafungua picha moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa nyekundu, zinang'aa, kama nyama iliyooshwa buchani. Wagonjwa wa tumbo, wa ini, wa mapafu, wote ulimi mmoja.

Alimwendea Mkurugenzi Fang siku ile ile, kwenye chumba alichopewa hospitalini kwa kazi hiyo. Mumewe alikuwa nje anamsubiri na baiskeli, na dirisha lilikuwa wazi.

"Picha zote zitupwe. Tuanze upya."

"Mwalimu Kou, kaa kwanza. Zitupwe zote?"

"Zote. Mmeosha ugonjwa, mkapiga picha ya sabuni."

"Mapigo uliyasoma mwenyewe. Majina ni sahihi. Ndimi ni sehemu tu. Zikiwa nyingi zitajisahihisha."

"Zitajisahihishaje? Uongo ukiwa mwingi unakuwa kweli?"

"Mwalimu, ripoti ina tarehe. Wakubwa wameshaona. Unataka niwaambie nini, kwamba tumeharibu kwa miswaki?"

"Ndiyo. Waambie miswaki."

Hakuwaambia. Daktari Kou alistaafu mwaka uliofuata. Jedwali lilitoka Septemba 2012, likapata tuzo, na jina lake liliandikwa la pili, chini ya Fang. Hakuulizwa. Cheti kililetwa nyumbani na gari. Alikiweka chini ya kitanda, upande wa moto.

Mwaka 2016 ikaja mashine. Ilisimamishwa mlangoni kwa hospitali, na juu yake wakaandika kwamba imefundishwa kwa ujuzi wa Daktari Kou Yuezhen. Unatoa ulimi, inatoa karatasi. Sasa mashine hiyo ilifundishwa kwa zile picha. Ilijua kwamba mgonjwa ana ulimi msafi. Aliyekuja na utando mzito wa kweli, haikuwahi kuuona. Ikamwambia ni mabaki ya chakula.

Ding Maocai alikuwa akiuza tambi za mchuzi mchachu nje ya geti la hospitali. Wengi hapa mmekula kwake. Fundi Song alikula kwake kuliko wote, kama tulivyosema. Mwaka 2018, mwezi wa Aprili, Ding alipungua mwili na chakula kikawa hakishuki. Akaenda kwenye mashine. Akatoka na karatasi anacheka.

"Fundi Song, sikia hii. Eti ni chakula cha jana, nipunguze mafuta. Mimi ndiye niyauzaye mafuta yenyewe!"

"Mwone mke wangu."

"Kwani nimemwona nani sasa hivi? Si huyo mkeo kaandikwa hapo juu? Kula, zinapoa."

Alifariki tarehe 30 Novemba 2018 kwa saratani ya tumbo. Daktari Kou alikwenda kumzika. Mjane wake alimshika mkono kaburini. Hakumtukana. Alimwambia tu, "Daktari, aliiamini kwa sababu ya jina lako."

Marehemu alirudi nyumbani, akapanda kitandani na viatu. Alikaa hivyo mpaka giza likaingia. Kisha akasema, "Mzee, nataka jina langu litoke pale."

Alikwenda mkoani kumwona Fang. Alipanda basi akiwa na miaka sitini na saba na miguu imevimba. Fang alimpokea vizuri, akamwagizia chai.

"Mwalimu Kou, ukitoa jina lako, watu watauliza kwa nini."

"Ndiyo maana nataka litoke. Waulize."

"Jedwali litapoteza uzito."

"Halina uzito, Fang. Lina jina langu tu."

Alirudi tena. Aliandika barua, Xiuping akazipeleka. Jibu lilikuwa moja, kwamba ombi limepokelewa. Aliomba hospitali ifute japo yale maneno juu ya mashine. Wakayapaka rangi mpya, yakasomeka vizuri zaidi.

Basi akaanza upya. Alimwita Daktari Pei, naye amestaafu, na wakakaa nyumbani kwetu, uani wakati wa joto na juu ya kitanda wakati wa baridi. Watu wa vijiji walirudi asubuhi, hawajala, hawajakwangua. Kou anasema sura, Pei anasoma vipimo vya mgonjwa na kusema jina. Wakibishana, wanambishania mgonjwa mbele yake, na mgonjwa anacheka. "Wewe Pei, angalia vizuri, huu si weupe, ni unjano." "Kou, macho yangu yana mtoto wa jicho, kila kitu ni njano." Ilikuwa miaka mizuri. Xiuping aliuliza nani atalitumia jedwali hili la pili, na mama yake akasema, "Kwanza liwe la kweli." Daktari Pei alifariki Januari 2021. Aliyebaki alikuwa na upande mmoja tu.

Septemba 2022 marehemu alijiangalia kwenye kioo asubuhi, akakaa nacho muda mrefu. Akamwonyesha mumewe ulimi. Mumewe hajui kusoma barua wala gazeti, lakini ulimi huo ameishi nao. Ulikuwa na rangi ya zambarau na utando mnene.

"Mbaya?" mkewe akauliza.

"Mbaya."

Akaenda hospitali. Siku hizi utaratibu ni kwamba hakuna anayefika kwa daktari kabla ya kupita kwenye mashine. Akasimama chini ya jina lake, akatoa ulimi. Muuguzi wa mlangoni, msichana mgeni, akampa karatasi kwa mikono miwili.

"Usiwe na wasiwasi, bibi. Ni mabaki ya chakula cha jana."

Daktari Kou alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mumewe akamshika. Yule msichana akauliza kama bibi ana kawaida ya kucheka hivyo. Fundi Song akamjibu, "Hapana. Leo kaonana na mwanafunzi wake."

Vipimo vya ndani vilionyesha saratani ya kongosho, imeshafika kwenye ini. Alikataa kupasuliwa. Alirudi nyumbani. Alipokuwa na nguvu alimwagiza Xiuping amwandike yeye mwenyewe kama wagonjwa wengine, sura upande huu, jina upande ule, na asiache kuandika kwamba ulimi haukukwanguliwa. Watu waliendelea kuja asubuhi na kumtolea ndimi kutoka mlangoni, kumpa moyo. Alizisoma mpaka Februari. Baada ya hapo alifumba macho na kusema wapite tu, awasikie.

Aliaga dunia Alhamisi tarehe 9 Machi 2023, alfajiri, nyumbani kwake Songjiabao, juu ya kitanda alichojengewa na mumewe, chenye joto.

Siku ya pili alikuja katibu wa hospitali, Bwana Lei, na ule wasifu. Ndivyo ilivyo, mtumishi akifa ofisi yake ndiyo humwandikia na mkubwa akasoma. Xiuping aliusoma kwa sauti. Ulimwita Mama wa Jedwali. Baba yake akasikiliza mpaka mwisho.

"Miswaki iko wapi?"

"Samahani, mzee?"

"Miswaki. Na Ding Maocai. Na Xiaoman. Sijawasikia."

"Mzee Song, hii ni heshima kwa marehemu. Mkurugenzi Fang mwenyewe ameipitia."

"Basi mrudishie. Kasahau watu."

Shada la Mkurugenzi Fang nalo limekuja, kubwa, na maneno hayo hayo kwenye utepe. Liko chini pale, kwenye zizi la kondoo. Aliyelileta anaweza kulichukua akishuka.

Marehemu ameacha mume, Song Dehai. Binti, Song Xiuping, mwalimu wa hesabu mjini. Mkwe wake, Geng Shulin. Mjukuu mmoja, Geng Yiran. Na mdogo wake wa kiume, Kou Chengwu wa Koujiawan. Ameacha pia wagonjwa wa vijiji hivi, ambao hatuwezi kuwataja wote, na kazi iliyofika nusu, ambayo mpaka leo hakuna aliyeulizia.

Alitanguliwa na wazazi wake, ndugu zake wawili na mwanawe Song Xiaoman.

Alikuwa na maombi mawili. La kwanza, jina la mwanawe, ambalo halijaandikwa mahali popote, liandikwe kwenye jiwe lake. Desturi hairuhusu. Wazee wa ukoo walikaa jana, wakabishana, wakakubali. Siku ya kufagia makaburi mwezi ujao jiwe litasimama hapa na majina mawili, la mama na la mtoto.

La pili mnalijua. Liko mikononi mwa watu ambao baadhi yao wamesimama hapa leo na vitambaa vyeupe vya msiba mikononi. Jina la Kou Yuezhen sisi tumeshalipa mahali pake. Kule litoeni, apumzike.